Kaboni nzito kwenye majani ya mlimani: ni mwinuko ama ni maji?

Kuna hii hoja ya miti ya milimani ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona kama imeshaisha, hakuna cha kuongeza. Panda mlima, chuma majani ya konifa, yaani paini, saipresi, mtarakwa, podo na ukoo wao wote wa kuzaa koni (podo imo humo hata kama tunda lake linakudanganya), na utapata kadiri unavyopanda ndivyo jani linazidi kubeba ile kaboni nzito, kaboni-13, nitaieleza hapo chini. Hiyo ni kweli, imepimwa kwenye mabara kadhaa na sioni mtu akiibisha kwa uzito. Ubishi unaanza ukiuliza kwa nini. Kuna wale wanasema ni mwinuko wenyewe, hewa ya juu ni nyepesi, presha imeshuka, basi jani linabadilisha kazi yake. Alafu kuna wale wanasema mwinuko ni jina la kufunikia mambo mengine, uliza kwanza mvua imenyesha kiasi gani, uliza baridi, uliza jani lina unene gani. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na pande zote mbili zina data.

Kwa nini mtu wa Nairobi ajali? Kwa sababu tangu Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 ulipotangazwa, kila mvua ikianza nasari za kando ya barabara zinajaa miche na watu wanaulizana mti gani utavumilia ukame, na kaboni ya majani ni moja ya vipimo vinavyotajwa haraka sana kwenye hayo maswali, juu jani lililokaushwa na kusagwa linakupa picha ya muda wote lilipokuwa linakua, si ya ile saa moja ulienda msituni na mashine. Sasa mtu akichukua namba za mtarakwa wa juu Aberdare akaziweka kando ya namba za mti wa Karura, alafu aseme huu wa juu ndio unajua kubana maji kwa hivyo twende tuupande Kitengela kule kukavu, hapo mimi napiga breki. Namba zake ziko sawa. Tafsiri ndio mbovu.

Wacha tupitie msingi kidogo, haraka tu. Kaboni ya hewani tunayoongelea hapa ina aina mbili, kaboni-12 ambayo ni nyepesi na ndiyo karibu asilimia 98.9 ya yote, na kaboni-13 ambayo ni nzito kidogo, karibu asilimia 1.1. Ile kaboni-14 ya kupimia umri wa mifupa tuiache, hiyo ni stori nyingine. Mmea unapendelea nyepesi, na unaibagua nzito mara mbili. Kwanza pale mlangoni, kwenye vile vitundu vya jani vinaitwa stomata, ambavyo maji ya jani pia hupotelea humo, hewa yenye kaboni nyepesi inapenya haraka zaidi na tofauti inayotokea ni 4.4 kwa elfu. Pili huko ndani, kimeng'enya cha Rubisko ambacho ndicho kinashika hewa ya ukaa, chenyewe kinaibagua nzito kwa nguvu zaidi, karibu 27 kwa elfu. Wanasayansi Farquhar, O'Leary na Berry waliunganisha hayo mawili mwaka 1982 kwa fomula moja fupi sana: ubaguzi wa jani ni 4.4, jumlisha 22.6 mara ya uwiano kati ya hewa ya ukaa iliyo ndani ya jani na ile iliyo nje. Watu wametumia hiyo fomula tangu wakati huo mpaka leo.

Kwa maneno ya kawaida ni hivi. Stomata zikiwa wazi na Rubisko akifanya kazi polepole, ndani ya jani kunajaa hewa ya ukaa, Rubisko ana nafasi ya kuchagua, anachukua nyepesi anaacha nzito, namba ya jani (yaani kaboni nzito yake iko juu au chini ya kiwango cha kupimia kwa kiasi gani kwa elfu) inakuwa hasi sana. Stomata zikibana, hewa ya ndani inapungua, hakuna cha kuchagua, nzito nayo inaingia, namba inapanda kuelekea sifuri. Lakini pia stomata zikibaki vilevile alafu Rubisko akaongeza kasi, hewa ya ndani inapungua hivyohivyo na namba inapanda hivyohivyo. Sababu mbili tofauti kabisa, jibu moja. Ni sawa na kumwona jirani amepungua kilo ukasema ni njaa, kumbe anakimbia Karura kila asubuhi. Hii ndiyo roho ya ubishi wote, na watu wengi wanaoipenda hii kitu ya isotopu, yaani hizi aina za kaboni, wanairuka.

Kwa wale wanataka kujua namba ziko wapi: hewa yenyewe saa hii ni kama -8.5 kwa elfu, majani ya miti mengi yako kati ya -25 na -30, na mahindi pamoja na nyasi nyingi za joto ziko karibu -12 hadi -14 kwa sababu zina njia tofauti ya usanisinuru inayoitwa C4. Zote zinapimwa dhidi ya kiwango ambacho asili yake ni kisukuku cha baharini kutoka South Carolina, Marekani.

Sasa upande wa mwinuko. Christian Körner na Farquhar na wenzao walitoa uchunguzi wa mimea ya milima ya dunia nzima mwaka 1988, wakaongeza mwingine 1991, na mwelekeo ulikuwa wazi, mimea ya juu inabagua kidogo kuliko ya chini. Kwa konifa peke yake kazi ninayoipenda zaidi ni ya Warren, McGrath na Adams, 2001, ambao walikusanya vipimo vilivyokuwa vimeshachapishwa na wengine wakavipanga kwa mwinuko. Kwenye majani ubaguzi unashuka 1.91 kwa elfu kwa kila kilomita ya kupanda, na kwenye mbao za shina unashuka 2.53. Karibu 2 kwa elfu kwa kilomita moja si kitu kidogo, ukizingatia upana wote wa miti ya kawaida ni kama 5.

Na sababu ya kifizikia ipo, haijatungwa. Usawa wa bahari presha ni karibu hektopaskali 1,013, hapa Nairobi tunaishi kwa kama 830, ukifika mita 3,000 ni karibu 700. Watu wanachanganya hapa kwa hivyo wacha niseme wazi, kiwango cha hewa ya ukaa kwa hesabu ya molekuli hakishuki ukipanda, ni karibu 420 kwa kila milioni Mombasa na ni karibu hivyohivyo kwenye kile kituo cha kupima hewa kilicho Mlima Kenya, mita 3,678, kinachosimamiwa na Idara ya Hali ya Hewa. Kinachoshuka ni presha, kwa hivyo kila lita ya hewa ina molekuli chache zaidi za kila kitu. Oksijeni pia imo kwenye hicho kila kitu, na oksijeni ndiyo inagombania nafasi na hewa ya ukaa pale kwenye Rubisko, ikipungua Rubisko anapumua kidogo, anashika kaboni kwa ufanisi zaidi. Han Wang, Colin Prentice na wenzao waliitumia hoja hiyo 2017 kutabiri kwamba uwiano wa hewa ya ndani kwa ya nje lazima ushuke na mwinuko, hata kabla hujaongea mambo ya mvua. Nguvu ya upande huu ni kwamba presha haina msimu, haina mteremko wa kaskazini wala wa kusini, inashuka tu kila mahali kwa mtindo ule ule. Ukitaka kitu kimoja kieleze mwelekeo unaoonekana kwenye mabara tofauti, ni vigumu kukipita hiki.

Lakini kuna kitu ndani ya ile kazi ya 2001 ambacho kinakata pande zote, na sijui kwa nini hakitajwi zaidi. Walipata kwamba ukiacha uwiano ukaangalia tofauti yenyewe, yaani presha ya hewa ya ukaa nje toa ile ya ndani, tofauti hiyo kwa jumla haihusiani na mwinuko. Wacha nifanye hesabu ya mfano ndio ieleweke. Chukua jani la -27 kwa mita 1,700, alafu jani la -25.1 kwa mita 2,700, yaani kilomita moja juu na ule mwelekeo wa 1.91. Ukipitisha kwa fomula, la chini uwiano wake wa ndani kwa nje ni kama 0.65, la juu ni kama 0.56. Mtu anayesoma uwiano tu atasema ooh, jani la juu linabana sana, kile kipande kilichobaki kufika 1 kimetoka 0.35 kikafika 0.44, hiyo ni nyongeza ya robo nzima. Sasa rudisha presha. Kwa mita 1,700 hewa ya ukaa nje ni karibu paskali 34.7, kwa mita 2,700 ni karibu 30.6. Zidisha. Tofauti kati ya nje na ndani kwa jani la chini ni paskali 12.2, kwa la juu ni 13.5. Ile nyongeza ya robo imebaki kama sehemu moja ya kumi, na hiyo ni kwa mfano nilioutengeneza mimi, kwenye data za Warren na wenzake kwa jumla haibaki hata hiyo.

Maana yake ni nini? Maana yake jani la juu lina kaboni nzito zaidi na bado huenda halina ujuzi wowote wa ziada wa kubana maji. Hewa imebadilika, jani limevuta karibu kile kile, na namba ikapanda. Alafu kumbuka maji yanayopotea kwa jani hayategemei stomata tu, yanategemea pia ukavu wa hewa ya nje, na huko juu penye ukungu na baridi hewa haivuti maji kama ya Athi River saa saba mchana. Kwa hivyo yule mtu wa Kitengela anabeba sifa ambayo mti wenyewe haujawahi kuitumia.

Upande wa pili nao umeshika kitu kizito. Mwaka 2010 Matthew Kohn alikusanya vipimo vya mimea ya C3, yaani ile yenye usanisinuru wa kawaida kama wa miti, kutoka sehemu nyingi za dunia akatafuta ni nini kinaeleza tofauti zake, na jibu lililotoka ni mvua. Mwinuko umo kwenye fomula yake lakini mchango wake ni 0.19 kwa elfu kwa kilomita. Rudia kuangalia hiyo namba, 0.19, na ile ya konifa ilikuwa 1.91. Mara kumi! Mtu anaweza kudhani mmoja wao amekosea nukta, lakini hapana, wanauliza maswali tofauti. Kohn ameweka mvua na mwinuko kwenye mzani mmoja na akachanganya kila aina ya mmea wa C3, kwa hivyo chochote ambacho mvua inaweza kukieleza mvua imekichukua kwanza. Akina Warren wameangalia konifa tu, na kwenye ile namba ya 1.91 mwinuko umesimama peke yake, kwa hivyo chochote kinachopanda mlima pamoja na mwinuko kimehesabiwa kwa jina lake. Ukweli wa konifa uko katikati hapo, na mimi naona uko karibu zaidi na namba kubwa kwenye milima yenye maji ya kutosha, na unayumba vibaya kwenye milima mikavu.

Sababu ya kusema hivyo iko kwenye kazi ileile ya 2001. Waliangalia pia mvua ikigawanywa kwa uvukizi. Pale ambapo mvua ni chini ya 0.8 ya uvukizi, maji yanaeleza sehemu nzuri ya tofauti za konifa. Ukivuka hapo, maji yanakaribia kunyamaza, mengine yanachukua usukani. Kwa hivyo hata hao wenye namba kubwa ya mwinuko hawakusema maji hayana kazi, walisema maji yana kazi mahali fulani.

Sasa leta hiyo nyumbani. Mlima Kenya una upande wa kaskazini na magharibi, wa Nanyuki na Naro Moru, ambao ni mkavu, sehemu za huko zinapata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka na ndipo mtarakwa umejaa. Alafu kuna upande wa kusini mashariki, wa Embu na Chogoria, unaopata zaidi ya 2,000, msitu mzito wa miti ya kafuri. Mwinuko unaweza kuwa uleule kabisa. Ukiweka milimita 700 upande mmoja na 2,200 upande wa pili kwenye fomula ya Kohn, inakupa tofauti ya karibu 2.2 kwa elfu bila kupanda hata mita moja. Hiyo ni zaidi ya kilomita nzima ya mwinuko kwa hesabu ya konifa. Kwa hivyo mtu akikuletea grafu ya Mlima Kenya imeandikwa mwinuko tu huku chini, swali la kwanza ni sampuli zimetoka upande gani, na kama zimechanganywa hiyo grafu irudi kwanza.

Na kuna mtego mwingine ambao kwetu ni mkubwa kuliko Ulaya. Kutoka nyanda zetu kavu kwenda juu mvua inaongezeka mpaka kwenye msitu wa katikati ya mlima, kisha juu zaidi inaanza kupungua tena. Hiyo inamaanisha kwenye nusu ya chini mvua inalivuta jani kuelekea hasi zaidi wakati mwinuko unalivuta kuelekea juu, wanavutana, na unaweza kupata laini ya grafu iliyolala tu ukasema hapa mwinuko haufanyi kitu. Unafanya, ila kuna mtu upande wa pili wa kamba. Ukivuka ule ukanda wa mvua nyingi, vyote viwili vinavuta upande mmoja na laini inaruka. Mlima mmoja, spishi moja, majibu mawili, na yote yamepimwa vizuri.

Kuna kitu cha tatu ambacho mimi binafsi naona ndicho kitamu zaidi, unene wa jani. Majani ya juu huwa mazito kwa kila sentimita ya mraba, na mara nyingi yana naitrojeni nyingi kwa eneo, yaani Rubisko wengi wamebanana mahali padogo. Hultine na Marshall, mwaka 2000, walichukua spishi nne za konifa kwenye milima ya Rockies huko Marekani na wakaona kaboni nzito inaongezeka na mwinuko kwa wote, lakini si kwa kasi moja, na umbo la jani liliingia kwenye maelezo. Sasa kama ni presha tu, spishi nne zinazopanda milima ileile zikivuta hewa moja zingepaswa kwenda karibu sawa. Hazikwenda. Kabla yao, 1990, Vitousek, Field na Matson walikuwa wameona kitu kama hicho kwenye mti wa Hawaii, Metrosideros, kwenye volkano ya Mauna Loa. Huo si konifa, lakini uzuri wake ni kwamba ni spishi moja kutoka chini mpaka juu. Walichopendekeza ni kwamba jani likiwa nene hewa ya ukaa inapata shida kufika mpaka ndani kwa Rubisko hata baada ya kupita stomata, njia yenyewe ya ndani ina msongamano. Ile fomula fupi ya 4.4 na 22.6 haina mahali pa huo msongamano. Unaweza basi kusoma namba ukasema stomata zimebana kumbe stomata ziko wazi na maji yanatoka tu kama kawaida. Hiyo inauma, kama ulikuwa unataka kuchagua mti kwa ajili ya ukame.

Watu wa mwinuko watajibu, na wana haki, kwamba unene wa jani wenyewe unatokana na baridi na msimu mfupi, na baridi inatokana na kupanda, nyuzi 6.5 hivi kwa kila kilomita, kwa hivyo bado ni mwinuko. Sawa. Lakini ukienda hivyo kila kitu ni mwinuko, na neno halikusaidii tena kutabiri. Hapa kwetu kwenye ikweta hakuna hata huo msimu wa theluji unaofunga msitu miezi kadhaa, mti wa msitu wa Kinale, huko juu ya Limuru, unakula jua mwaka mzima, kwa hivyo kuchukua mteremko wa Rockies ukaubandika Aberdare ni kulazimisha mambo.

Nairobi yenyewe inakaa kama maabara ya bure kwa hii kitu. Athi River ni mita 1,500 hivi, Karura ni kama 1,700, Limuru imepita 2,200, Kinale ni karibu 2,600, na njiani kote kuna ua za saipresi, ile ya asili ya Mexico, spishi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilomita nzima ya mwinuko kwa nauli ya matatu. Kabla hujachukua mkasi lakini, simama karibu na ua moja uiangalie vizuri. Saipresi haina sindano ndefu kama paini, ina vigamba vidogo vimelaliana, na ukivunja kitawi unakuta ncha ni kijani kibichi alafu ukirudi ndani rangi inakolea mpaka kahawia. Hivyo vya ncha na vya ndani havijakua msimu mmoja, vingine vilikua mvua ikinyesha vingine wakati wa kiangazi kikali, ukivisaga pamoja umechanganya miaka. Alafu ua inakatwa, kwa hivyo matawi ya nje ni machanga na ya ndani yako kivulini, na jani la kivulini huwa hasi zaidi kuliko la juani hata kwa mti huohuo mmoja. Hata paini ni vilevile, sindano zake zinakaa mtini zaidi ya mwaka, kwa hivyo lazima ujue umechuma za mwaka gani.

Na shida kubwa ya hiyo njia ni magari. Hewa ya ukaa inayotoka kwa petroli ni karibu -28 kwa elfu, nyepesi sana kuliko hewa ya kawaida. Tuseme kando ya Waiyaki Way ile 420 ya kawaida imeongezewa 40 kutoka kwa msongamano wa magari. Changanya -8.5 na -28 kwa hicho kipimo unapata hewa ya karibu -10.2. Hewa imeshuka 1.7 kabla jani halijafanya lolote, na jani litaufuata huo mshuko. Mfano huu ni wa mahali penye moshi kwelikweli, mchana upepo ukivuma nyongeza inakuwa ndogo, lakini angalia upande ambao kosa linaenda: mjini chini ndiko kuna moshi, Kinale juu ndani ya msitu hakuna. Kwa hivyo mji unafanya majani ya chini yaonekane hasi zaidi, na laini ya mwinuko inatoka imenyooka kabisa, ya kupendeza, karibu 2 kwa kilomita, na sehemu yake kubwa inaweza kuwa ni foleni ya jioni.

Kitu kama hicho kinawapata wanaotaka kutumia sampuli za zamani. Nairobi tuna hazina ya mimea iliyokaushwa pale East African Herbarium, kwenye Makumbusho ya Taifa, majani yaliyochumwa miaka mingi iliyopita. Lakini hewa ya kabla ya viwanda ilikuwa kama -6.5, leo ni kama -8.5, zaidi kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Jani la mtarakwa la zamani kutoka mahali pa chini ukiliweka moja kwa moja kando ya la juzi kutoka juu, umelinganisha hewa za enzi mbili. Ukirekebisha kwa mwaka wa kuchumwa inawezekana, na ni kazi nzuri, ila isifanywe kwa haraka.

Nyasi nazo tuzitaje kidogo tu kwa sababu huwa zinaingizwa kwenye mjadala huu bila kualikwa. Tieszen na wenzake walionyesha 1979, hapahapa Kenya, kwamba chini ya mita 2,000 nyasi za wazi ni karibu zote C4 na juu ya 3,000 zimebaki C3. Huo ni mruko wa zaidi ya 10 kwa elfu na unaenda upande wa pili, juu ndiko kuna hasi zaidi. Huko aina ya nyasi ndiyo inabadilika. Konifa wote ni C3, popote walipo, kwa hivyo mtu asikuletee udongo wa chini ya mti wenye mizizi ya nyasi akasema anapima mti.

Nikipima pande zote mbili, nakubali presha ina mkono wake kila mahali, na kwa konifa wa milima yenye maji ya kutosha naiweka mbele pamoja na unene wa jani, hivi viwili sijaona data ikivitenganisha vizuri kwa miti yetu. Kwenye sehemu kavu, mvua ndiyo mwenye nyumba. Na kutumia namba za sehemu mbili zenye mwinuko tofauti kuchagua mti wa ukame naona ni kutumia kipimo kizuri kwa kazi isiyo yake. Kipimo chenyewe kinafaa sana ukipanda miche ya mama tofauti kwenye shamba moja, mwinuko mmoja, mvua moja, hewa moja, hapo tofauti yoyote inayobaki ni ya mti wenyewe, na mmoja akiwa -26 na mwenzake -28 una kitu cha kuongea na mwenye nasari.

Kwa mwinuko wenyewe, ningependa kuona podo za Mlima Kenya zikichumwa kwa mita 2,200 na 2,700, upande wa Nanyuki na upande wa Chogoria, majani ya juani ya msimu mmoja, mbali na barabara, kila jani lipimwe na uzito wake kwa eneo. Presha ikiwa ndiyo inatawala, pande zote mbili zitapanda kwa kipimo kimoja. Maji yakiwa ndiyo, pengo kati ya Nanyuki na Chogoria litakuwa kubwa kuliko pengo kati ya juu na chini. Na unene ukiwa ndio, majani yatajipanga kwa uzito wao bila kujali yametoka wapi.